Mteja Jina Lake Chungu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana habari hii haipendi kukatizwa. Palikuwa na nchi. Mkiniuliza iko wapi nitasema nimesahau, na mkiitambua msinitaje. Iliitwa Makofini, kwa kuwa wananchi wake walijaliwa viganja vipana visivyochoka. Mvua ikinyesha, Waziri wa Mvua alipigiwa makofi. Mvua ikigoma, alipigiwa makofi kwa jinsi alivyouvumilia ukame pamoja na wananchi wake, yeye akiwa ng'ambo kwenye kiyoyozi.

Pembezoni mwa nchi hiyo kulikuwa na kijiji kiitwacho Udongoni, na hapo aliishi mfinyanzi mmoja, mjane, jina lake Bi Sikudhani. Vyungu vyake vilijulikana hadi minada ya mbali. Lakini huwezi kununua chungu kwake hivi hivi ukaenda zako. Kwanza akutegee kitendawili. Ukishindwa umpe mji, ukishampa mji akutegulie, mcheke, ndipo ubebe chungu chako. Walimu, masheikh, hata bwana afya, wote walishampa miji. Kwa hesabu za utani, nusu ya nchi ilikuwa mali yake.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Zamoyoni. Huyu alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi katika nyumba ya matajiri: kufua, kupika, kumgeuza bibi kizee kitandani. Mwajiri wake alikuwa mtu mwenye huruma sana, hata simu ya Zamoyoni alimfungia kabatini ili isimchoshe. Kwa hiyo Zamoyoni alipiga nyumbani kwa simu za kuazima, leo ya dereva, kesho ya mtunza bustani, siku yoyote ambayo mtu alimwonea imani. Na alijua namba moja tu, ya mama yake. Walikuwa wameikariri pamoja zamani wakikanyaga udongo, kila tarakimu na unyayo wake, mpaka namba ile ikawa kama wimbo.

"Kitendawili, Mama!" alisema mara ya mwisho alipopiga.

"Tega, mwanangu!"

"Hana miguu, kavuka bahari. Hana mikono, kanishika moyo."

"Aa, huyo namjua. Sauti ya mama."

"Umepata! Sasa nisikilize, simu si yangu. Mkataba unakaribia kwisha. Bosi anataka nitie sahihi mwingine, mrefu, na tutahamia nchi nyingine huko mbele zaidi, hata jina lake linanishinda kutamka. Mama, sijui nifanyeje. Nikilala naona nirudi, nikiamka nakumbuka paa letu linavyovuja, naona nibaki. Nitakupigia siku ya sahihi, kabla sijashika kalamu. Ukisema rudi, narudi. Neno lako tu."

"Mwanangu, mimi hata sasa hivi nina..."

Simu ikakatika. Salio la dereva lilikuwa limekwisha. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, na Bi Sikudhani akalifumba humo humo. Tangu siku hiyo akawa anatembea nalo kama mtu aliyechota maji kwa mdomo na nyumba iko mbali, anaogopa asije akayamwaga. Rudi. Neno lenyewe ndilo hilo tu.

*

Basi wakati huo Makofini ilikuwa na kampuni mbili za simu, Vumisha na Nong'ona. Zilikuwa zinagombana mchana kutwa. Huyu akishusha bei, yule anashusha zaidi. Huyu akisimamisha mnara mlimani, yule anasimamisha bondeni. Wakubwa wakaona aibu hiyo haivumiliki, likatoka tangazo: kampuni zitaoana. Na kwa kuwa ni ndoa, itafanyika kama ndoa, kwa posa, kwa ngoma, kwa pilau, na mwananchi yeyote atakayekosa kufurahi atatoa maelezo.

Udongoni waliletewa harusi kwa shuka. Shuka kubwa jeupe lilitandazwa ukutani pa shule na sinema ikamulikwa hapo. Bi Sikudhani alikaa kwenye nyasi na jirani yake Bi Mwajabu, aliyekuwa mtani wake wa kabila, mtu mwenye kinywa kisichokuwa na mlango.

Alisimama Waziri wa Minara na Mawimbi, Mheshimiwa Daktari Ngurumo Madaha. Daktari wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. Makofi. "Mmeteseka!" Makofi. "Mwananchi anaamka asubuhi, kabla hata hajanywa chai, moyo unamuuliza: Vumisha au Nong'ona? Hiyo ni haki?" Makofi. "Serikali yenu sikivu imesikia kilio chenu, kilio ambacho hata nyinyi wenyewe mlikuwa hamjakisikia. Kuanzia leo, mateso ya kuchagua yamekwisha! Mume na mke ni mwili mmoja, na mwili huo utaitwa Vuming'ona!"

Makofi yalikuwa mengi hata shuka likadondoka, Waziri akaendelea kuhutubia kwenye mgongo wa mwalimu mkuu aliyeinama kuliokota.

"Na kwa baraka za ndoa hii," alisema mgongoni hapo, "kila kaya itapata wifi!"

Bi Mwajabu akageuka. "Wifi? Mimi hao nilionao wananitosha. Huyu mwingine atalala wapi?"

"Labda ni dada yake bwana harusi," alisema Bi Sikudhani.

"Basi aje na godoro lake. Na kama anakula udongo kama nyinyi wafinyanzi, aende kwako."

"Aje kwangu, nitamtegea vitendawili mpaka aniachie mji wa kwao."

Siku iliyofuata nyumba kadhaa za Udongoni zilifagiliwa chumba cha uani. Wifi hakuja. Mpaka leo hajaja, ingawa ada yake ya mwezi ilianza kukatwa siku ile ile.

Kitu kimoja watu hawakukiona vizuri kwenye shuka. Nong'ona, bibi harusi wa watu, aliingia kwa mumewe na sanduku lake, na sandukuni mlikuwa na minara, magari, viti vya ofisini na wateja. Bi Sikudhani alikuwa mteja wa Nong'ona. Alikaa pale kwenye nyasi akishangilia, na kumbe yumo ndani ya sanduku, katikati ya viti na magari.

*

Fungate haikuwa ndefu. Kwanza, vifurushi viliboreshwa. Cha wiki kiliboreshwa kikawa cha siku chache, na bei yake ikapandishwa cheo. Pili, mnara wa bondeni uling'olewa, kwa kuwa mwili mmoja hauhitaji miguu mingi. Tatu, ukaletwa mtandao mpya.

Nchi nyingine, maskini, zilikuwa bado zinahangaika na kizazi cha nne na cha tano. Makofini iliviruka vyote ikatua kwenye Kizazi cha Kumi na Mbili. Waziri alieleza kwamba namba kubwa haina gharama zaidi ya namba ndogo, hivyo hakukuwa na sababu ya kujinyima.

Kizazi cha Kumi na Mbili kilikuwa na maajabu yake. Kwanza kilisema kweli. Zamani ukimpigia mtu asiyepokea, mtambo ulikuwa ukikwambia kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Huo, alisema Waziri, ulikuwa uongo, maana mteja yupo mahali fulani. Mtambo mpya ulikuwa ukitaja. "Mteja unayempigia yuko chooni." "Mteja unayempigia anaiangalia simu na hataki kuongea nawe." Bwana mmoja wa Udongoni, aliyeaga kwamba anakwenda kuangalia mahindi, mkewe alipompigia aliambiwa mteja yuko kwa mama Siwazuri, amevua viatu. Nyumba hiyo haijarudi kuwa kama zamani.

Tena, ili kuwakomesha wezi, mtandao ulipitisha sauti ya mwenye laini tu. Sauti nyingine yoyote ikiingia kwenye simu hiyo ilinyongwa papo hapo kabla haijafika kokote. Namba za ng'ambo nazo zilifichwa kwa usalama wa taifa, na kwenye kioo pakawa panaandikwa MGENI.

Haya yote yangevumilika. Lakini likatoka tangazo la mwisho: laini zote zilizokuja na bibi harusi zisajiliwe upya kwa kidole, na isiyosajiliwa itazikwa.

Bi Sikudhani alifunga khanga kiunoni akaenda mjini.

*

Ofisi ya Vuming'ona ilikuwa ya vioo vitupu, na mlangoni paliandikwa: HAPA HATUNA MALALAMIKO. Alipokelewa na kijana mpole mwenye tai, Erasto, aliyekuwa na cheo cha Afisa Furaha ya Mteja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kidole."

Aliweka dole gumba kwenye kimashine. Kikawaka chekundu. Akaweka cha pili, chekundu. Vyote vikapita, kimoja kimoja, kama watoto wanaokataliwa shule. Erasto akavipangusa kwa spiriti, akavipangusa kwa tai yake mwenyewe. Chekundu.

"Bibi," alisema kwa huzuni ya kweli, "mashine inasema huna vidole."

"Na hivi ni nini, bamia?"

"Hivyo ni vidole vya kuonekana. Mashine inataka vidole vya kusomeka. Vyako vimefutika."

Bi Sikudhani akaitazama mikono yake, laini kwenye ncha kama kokoto za mtoni. Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena.

"Havikufutika, mwanangu. Nimeviacha. Viko kwenye vyungu. Kila chungu nimekisugua ndani kwa vidole hivi tangu ningali mwari. Nendeni mkavisome majikoni kwa watu."

"Kanuni haisemi majikoni."

"Kanuni inasemaje?"

Erasto akasimama wima, maana kanuni ilisomwa kwa kusimama. "Mteja ni yule mwenye kidole."

"Mwanangu, hii namba ni ya mtoto wangu. Yuko ugenini, hana nyingine kichwani. Atapiga kuniuliza jambo, na mimi nina la kumjibu. Ikizikwa, ataulizia wapi?"

Erasto aliangalia chini. Na yeye alikuwa na mama mahali. "Bibi, mwisho wa kusajili ni kesho. Tafuta kidole popote pale. Mimi mashine ikiwaka kijani, napitisha."

Njia nzima Bi Sikudhani aliwaza. Alipofika kwake akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya jiko, akatoa chungu cha kunde, kizito, kilichopinda upande. Kilikuwa chungu chake cha kwanza, alichofinyanga akiwa msichana, mama yake akimsimamia. Kwenye mdomo wa chungu palikuwa na alama ya dole gumba, imebonyea, mistari yote imo, wazi kama matuta ya shamba. Mama yake alimwambia aibonyeze, wajukuu waje waione.

Kesho yake akamwekea Erasto chungu mezani.

Kimashine kililazwa kwenye mdomo wa chungu. Kidole kilisomeka kinyumenyume, lakini katika ofisi za Makofini kusoma kinyumenyume halikuwa kosa. Kikawaka kijani. Foleni nzima ikapiga makofi.

"Hongera!" alisema Erasto, akachangamka, akaanza kuandika. "Jina la mteja?"

"Sikudhani."

"Siyo lako, Bibi. La mteja. La mwenye kidole."

Bi Sikudhani akamtazama, akatazama chungu. "Unanitania? Wewe kabila gani?"

"Kanuni, Bibi."

"Haya. Chungu."

"Chungu kama dawa, au chungu kama jiko?"

"Kama jiko."

"La pili?"

"Andika Sikudhani. Mimi ndiye nimemzaa."

"Kazi?"

"Kupika kunde."

"Ameoa au ameolewa?"

"Alikuwa na mfuniko. Ulivunjika."

"Mjane," aliandika Erasto, kwa heshima. "Sasa sauti ya mteja. Naomba mteja aseme jambo."

Hapakuwa na jambo. Erasto akajikuna, kisha akakunja kidole akagonga ubavu wa chungu. Ngo. Mtambo ukairekodi. "Sauti safi," alisema. "Haina mafua."

"Sasa simu yangu itapokea?"

"Simu ya Chungu itapokea, Bibi. Wewe utakuwa mtunzaji wake."

Bi Sikudhani alicheka njia nzima, akidhani kijana wa watu anapenda utani.

*

Jioni ile alijaribu. Bi Mwajabu alikaa kwake na simu yake, Bi Sikudhani akapiga kutoka kwake, hatua chache tu, ua na ua.

"Mwajabu! Mla panya wewe, unanisikia?"

Alisikia pumzi ya Bi Mwajabu, alimsikia Bi Mwajabu mwenyewe akisema, "Haloo, haloo, mbona kama nazungumza na kaburi?" Lakini yeye hakusikika. Akapiga kelele. Bi Mwajabu akasikia kelele hizo zikipita juu ya ua, kwa njia ya zamani, na simuni kimya kile kile.

Akarudi mjini. Erasto alimkaribisha kiti.

"Mtandao unapitisha sauti ya mteja, Bibi. Wewe si mteja."

"Basi niandikishe mimi."

"Inawezekana kabisa. Mteja akikuhamishia laini. Anatakiwa aseme tu, nakubali."

"Chungu kiseme nakubali?"

"Kwa hiari yake, bila kushurutishwa."

Akampa namba ya huduma kwa wateja, ya kulalamika. Bi Sikudhani akaipiga kwa simu ya Bi Mwajabu. Mtambo wenye sauti ya asali ukasema: "Kama umefurahi, bonyeza moja. Kama umefurahi sana, bonyeza mbili. Kama unalia kwa furaha, kaa kwenye laini." Alikaa kwenye laini. Mtambo ukamshukuru.

Hapo ndipo furaha ya ofisi ilipomwingia Bi Sikudhani mwilini kama homa. Namba ya kule kwa mwanawe hakuwa nayo, na za kuazima zilikuwa zinafichwa. Hakuwa na mlango wa kupitia isipokuwa ule wa Zamoyoni kupiga mwenyewe, na akipiga atakuta kimya. Alilala chali akisema lile neno kimyakimya, akaliona halina pa kwenda.

Aliyemtoa humo ni mtani wake. Walikuwa wanajaribu tena, kwa kubisha tu, Bi Sikudhani akiwa amekata tamaa, na katika kukisogeza chungu ampishe kuku, mwiko ukakigusa. Ngo.

"Nimesikia!" alipiga kelele Bi Mwajabu. "Nani huyo?"

Bi Sikudhani akagonga tena.

"Ndiye mteja! Weee Sikudhani, mteja anaongea! Muulize kunde zimeiva?"

Ngo, ngo.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo chungu kikatolewa jikoni kikawekwa kwenye kigoda sebuleni, simu kando yake, mwiko juu. Mtu akipita aliuliza, "Mteja ameamkaje?" naye hujibu, "Mzima, anakusalimu." Hakuruhusiwa mtu kukipikia tena. Bi Sikudhani alikipangusa vumbi kila asubuhi kwa upole, akijizoeza kukigonga: kwa ncha ya mwiko, karibu na shingo, pale ambapo udongo ni mnene. Alijua vyungu. Alijua kila kimoja kinavumilia nini. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha, kwamba hiki alikifinyanga utotoni, na ukuta wake haukuwa sawa pande zote.

*

Simu ililia alasiri, mwenyewe akiwa amezama kwenye udongo hadi viwiko. MGENI, kiliandika kioo. Alikimbia na mikono ile ile, akabonyeza kwa kidole chenye matope.

"Kitendawili, Mama!"

"Tega!" alisema Bi Sikudhani, kwa mazoea, kwa moyo wote. Halikutoka.

"Mama? Kitendawili. Mama, upo?"

Akaukamata mwiko. Ngo-ngo.

"Nani anagonga?"

Ngo-ngo.

Kisha Zamoyoni akasema polepole, "Te-ga?" na kicheko kikaja kimechanganyika na kilio. "Mama, huo ni mwiko. Huo ni mwiko wako. Una nini, sauti imekauka?"

Ngo.

"Unaumwa?"

Bi Sikudhani akauzuia mwiko hewani, pumzi ameishika.

"Mzima?"

Ngo!

"Alhamdulillahi. Mimi nilidhani..." Akapangusa pua, mama yake akamsikia akipangusa pua kama alipokuwa mdogo. "Haya, basi tutaongea hivyo hivyo. Karatasi iko mezani hapa, bosi kaenda kumfungulia mgeni lango. Mama, nimechoka. Mikono yangu siku hizi imekuwa kama yako. Lakini sitaki nirudi nikuongezee mzigo kwenye nyumba inayovuja. Wewe niambie. Kama nibaki, nyamaza tu, sitakasirika. Kama nirudi, gonga."

Maisha yake yote Bi Sikudhani alikuwa akigonga vyungu. Hivyo ndivyo alivyovijaribu, kwa kukunja kidole, masikio ameyatega, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Lakini safari hii hakugonga kama mfinyanzi. Aligonga kama mama.

Chungu kikapasuka.

Mlio ule wa kupasuka haukuwa sauti ya mteja, na Kizazi cha Kumi na Mbili, ambacho hakikosei, kikaunyonga papo hapo. Kule kwa Zamoyoni hapakufika kitu. Alisubiri. Bi Sikudhani alimsikia anavyosubiri. Alikamata kigae, akakigonga kwa mwiko, kikatoa sauti kavu, ya kigeni. Akakamata kingine.

"Haya, Mama," alisema Zamoyoni, taratibu. "Nimeelewa. Usijali."

"Rudi!" alipiga kelele Bi Sikudhani. "Rudi, mwanangu, rudi, rudi!" Hata Bi Mwajabu alisikia, ng'ambo ya ua.

Mtambo ukaingia kati, kwa sauti yake ya asali, na safari hii wote wawili waliusikia: "Samahani. Mteja unayempigia ameaga dunia hivi punde. Vuming'ona inaungana nawe katika majonzi. Kusikiliza wimbo wa maombolezo, bonyeza moja."

Bi Sikudhani alimsikia mwanawe akilia. Hakikuwa kilio cha simuni, kilikuwa cha msibani, cha mtu anayejitupa chini. Alimsikia akiita, "Mama yangu, mama yangu, alikuwa anagonga, alikuwa anakata roho anagonga!" Alisikia mlango ukifunguliwa huko na mtu akiuliza kwa lugha ngeni. Alimsikia Zamoyoni akisema, kwa Kiswahili ambacho hakuna wa kukielewa katika nyumba ile, "Leteni hiyo kalamu. Sina tena pa kurudi."

Kisha laini ikazikwa.

*

Vuming'ona hawakuwa na roho mbaya. Kesho yake waliandika gazetini rambirambi kwa familia ya marehemu Chungu Sikudhani, mpishi, mjane, na Waziri akasema kifo hicho kilitangazwa kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana katika bara zima. Akapigiwa makofi.

Lakini alasiri ile yenyewe, Bi Mwajabu alipozunguka ua na kuingia, alimkuta mwenzake amekaa sakafuni katikati ya vigae. Alikuwa amechota udongo mbichi, anaupaka kwenye kingo, anaunganisha kigae na kigae. Kazi ambayo mfinyanzi yeyote anajua haiwezekani, maana udongo mbichi haushiki uliokwisha kupita motoni. Mwanafunzi wake angeifanya angemchapa mkono. Kigae kilishika kidogo, kikaanguka. Akakiokota, akakipaka tena. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Bi Mwajabu alipoinama akasikia anachosema, neno lile moja, polepole, kama mtu anayeita kuku waingie bandani.

Bi Mwajabu akatafuta neno la utani, akalitafuta kote kinywani mwake, asilipate. Akavua viatu, akakaa chini, akachota udongo, akaokota kigae kilichokuwa karibu naye.

"Hiki kinakwenda wapi?" akauliza.